Udongo Mweupe wa Panya

Claudine Tshilanda alikuwa mtu wa kuaminika, na hilo ndilo lililomponza. Asiyeaminika huwekewa msimamizi. Yeye aliachiwa mizani peke yake.

Kazi yake ilikuwa katika maabara ya Profesa Émerance, kule Naviundu, pembeni mwa Lubumbashi, kwenye jengo lililokuwa kiwanda kidogo cha mikate kabla mwenye nalo hajafilisika. Profesa alilichukua kwa sababu lilikuwa na kuta nene, na maji ya bomba yalitoka siku nyingi kuliko siku yalizogoma. Panya walikuwamo tangu enzi za unga. Hao walifukuzwa, wakaletwa wengine weupe wenye vyeti vya afya, na jengo likawa kituo cha utafiti wa ubongo.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Elisée, aliyekuwa akihangaika na tasnifu yake ya udaktari kwa muda mrefu kiasi kwamba mama yake alikuwa ameacha kuulizia. Elisée alitaka kujua kwa nini msafiri hutapika njiani, na kama kuna mmea wa porini huku Katanga unaoweza kumtuliza. Lakini kabla ya kuujaribu mmea ilimbidi aonyeshe kwamba dawa inayojulikana tayari, skopolamini, inafanya kazi mikononi mwake kama inavyofanya kazi mikononi mwa wenzake duniani. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatua rahisi. Kila mtu aliiita hatua rahisi.

Skopolamini ni kizuizi. Ndani ya ubongo kuna vipokezi, na kemikali za mwili huja kuvikalia ili zipeleke habari: huku kunazunguka, tumbo lijiandae. Kizuizi huwahi kukikalia kile kipokezi bila kusema lolote. Elisée aliwaeleza wageni hivi: "Ni kama muntu mwenye anakuja ku kilio, anakalia kiti ya mbele, na hana hata neno moja ya kusema. Mwenye alikuwa na neno anakosa fasi ya kuikala." Wageni waliitikia kwa kichwa. Wote walikuwa na ndugu wa aina hiyo.

Sasa, panya hatapiki. Hili si sifa wala tusi, ndivyo alivyoumbwa. Kichefuchefu kikimshika hula udongo. Kwa hiyo ukitaka kujua panya anajisikia vibaya kiasi gani, unamwekea udongo mweupe kwenye kisahani, na baadaye unapima umepungua kiasi gani. Makala za ng'ambo zilielekeza udongo huo uagizwe kutoka kampuni fulani. Elisée alikwenda sokoni akanunua pemba, yale mabonge meupe ambayo wanawake wajawazito wa Lubumbashi huyatafuna kutwa nzima. Aliyachagua bonge kwa bonge, akayachoma katika tanuri la zamani la mikate ili kuua vijidudu. Yalipotoka yalinukia mvua ya kwanza inapopiga ardhi ya moto.

Panya walifungwa kwenye gurudumu lililoendeshwa na mota ya feni. Wakazungushwa kila asubuhi, safari isiyofika popote. Siku umeme ulipokatika walishuka njiani. Nusu yao walikuwa wamechomwa sindano ya skopolamini, nusu maji ya chumvi. Wa maji ya chumvi walitakiwa kuula udongo kwa uchungu. Wa skopolamini walitakiwa kuuacha.

Claudine ndiye aliyekuwa akikusanya visahani. Alivitoa chumba cha panya, akavipitisha kwenye korido, akavipima mwishoni mwa korido, na kumtajia Elisée uzito kwa sauti kupitia dirisha dogo ambalo zamani lilikuwa la kuuzia mikate. Udongo uliobaki ulitupwa. Hapo kwenye kutupwa ndipo palipokuwa na shida.

Ni lazima nieleze habari za mwanamke huyu. Wazazi wake walikuja kutoka Kasai wakiwa na mizigo michache na imani kubwa katika shule, na binti yao akasoma mpaka akawa fundi wa maabara mwenye diploma. Pamoja na diploma hiyo hakuwahi kutupa kitu kizima. Vipande vya sabuni vilivyokwisha alivigandamiza vikawa sabuni mpya. Bukari ya jana, yaani ugali, ilikuwa ya leo, na leo ikisalia ilikuwa na kesho yake. Mume wake, Raoul, aliyekuwa akiuza vipuri vya malori katikati ya mji, alikuwa amejifunza kutouliza chakula kina umri gani.

Na alikuwa na mimba.

Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitangazwa kanisani na mama mkwe wake, kwa kipaza sauti, katika sehemu ya matangazo, baada ya habari za paa la kanisa. Ya pili ilipoonekana, Raoul alinunua kitanda cha mtoto na kukipitisha mtaani mchana kweupe, kikiwa kichwani, akisalimia kila nyumba. Mara zote mbili mtoto hakufika. Claudine alikuwa mtu wa sayansi na hakuamini hata kidogo kwamba midomo ya watu inaweza kumng'oa mtoto tumboni. Ya tatu hakumwambia mtu. Hakumwambia mama yake, wala mkwe, wala Raoul. Lau ungemuuliza, angekujibu kwamba matokeo hayatangazwi kabla ya kuthibitishwa. Ukweli ni kwamba aliogopa, aliogopa usingizini na aliogopa akiwa macho, na kila jioni bila damu alimshukuru Mungu kimoyomoyo bila kumtajia Mungu sababu.

Pemba ilimshika asubuhi moja kwenye korido. Visahani vya panya wa skopolamini vilikuwa vimerudi vimejaa, kama inavyotakiwa. Harufu ile ya mvua ikampanda puani. Mate yakamjaa. Akaangalia kisahani, akafikiri kwamba udongo huu safi, uliochomwa, uliochaguliwa bonge kwa bonge, utakwenda kumwagwa kwenye shimo nyuma ya jengo. Panya mwenyewe ameukataa. Ilikuwa dhambi kabisa. Akavunja kipande upande ambao haukuwa na alama za meno, akakitia mdomoni.

Hakugusa visahani vya panya wa maji ya chumvi. Wale walikuwa wagonjwa na walihitaji udongo wao. Si mwizi wa wagonjwa.

Siku ya kwanza kilikuwa kipande cha ukubwa wa ukucha, na alijiambia kwamba mizani yenyewe hukosea zaidi ya hapo. Baadaye kikawa cha kidole. Baadaye hakuhesabu. Alijaribu kununua pemba yake mwenyewe sokoni, lakini ilikuwa na mchanga na ilinuka gunia. Akairudisha kwa muuzaji, jambo ambalo halijawahi kutokea sokoni hapo, kisha akarudi koridoni.

Elisée, upande wa pili wa dirisha, aliandika alichotajiwa. Na alichotajiwa kilikuwa hiki: panya wenye dawa walikula udongo sawasawa na panya wasio na dawa.

"Haiwezekane," alisema. Alirudia jaribio. Alibadilisha sindano. Aliwazungusha panya polepole, kisha kwa kasi mpaka yeye mwenyewe akaketi chini. "Dada Claudine, ona. Ku Japon inafanya kazi. Ku Canada inafanya kazi. Ni hapa tu Naviundu njo inakatala!"

Claudine alimwonea huruma. Hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Kila asubuhi alikuwa amekula tasnifu ya mtu. Alitaka kusema. Lakini kusema "nimekula pemba" katika mji huu ni kusema jambo lingine, na jambo hilo hakuwa tayari kulisikia likitoka mdomoni mwake. Akaamua kuacha kula, kimya kimya. Ataacha, matokeo yatanyooka, Elisée atafurahi, na hakuna atakayejua lolote. Lilikuwa wazo zuri na lilikuwa na kasoro moja tu.

Kasoro ilifika kutoka Lusaka. Profesa Émerance, aliyezaliwa Butembo katika ukoo wa wafanyabiashara na aliyekuwa na desturi ya kushuku bidhaa kabla ya kumshuku mtu, alikuwa ameshaamua kwamba skopolamini yao ni mbovu. Akaomba chupa nyingine kwa mwenzake wa Zambia. Chupa hiyo ilivuka mpaka ikafika maabara, ikaanza kutumika Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo Claudine alianza kutafuna kijiti cha mswaki badala ya pemba.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Visahani vya panya wenye dawa vilirudi vizima, vikapimwa vizima. Elisée alipiga kelele dirishani, akatoka, akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, pamoja na mtu aliyeleta bili ya maji. Claudine alipiga makofi pamoja na wengine. Alijiona mtu mwenye akili sana kwa muda wa kama nusu saa.

Kisha Profesa akauliza swali ambalo yeyote angeliuliza. Kama chupa mpya inafanya kazi, ile ya zamani ilikuwa na nini ndani?

Ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa shingoni mwa Papa Doudou, mtunza ghala, mtu mzima aliyefanya kazi katika jengo hilo tangu lilipokuwa na mikate, aliyebadilisha mwajiri bila kubadilisha kiti. Hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo. Na skopolamini ina jina baya mitaani, maana kuna nchi ambazo wezi huitia kwenye vinywaji ili mtu apoteze akili na kujivua saa mwenyewe. Profesa aliunganisha mambo hayo kwa mpangilio uliokuwa sahihi kabisa, isipokuwa kwamba haukuwa wa kweli. Dawa imeuzwa, maji yametiwa mahali pake. Akaita kikao kesho yake mbele ya tanuri. Alisema waziwazi kwamba baada ya kikao atawapigia simu polisi.

Raoul aliona usiku ule kwamba mke wake hakula, lakini alikuwa amezoea kuulizia malori zaidi ya nafsi. Claudine alilala akiangalia ukuta. Akisema, mtoto yuko midomoni mwa watu kabla ya kesho kutwa. Asiposema, mzee anakwenda jela kwa ajili ya mabonge ya udongo. Alijaribu kuchagua mpaka kukakucha na hakuchagua.

Kwenye kikao Papa Doudou alikuja amevaa suti. Hilo lilimuumiza Claudine kuliko maneno yote yaliyofuata. Blauzi yake, lile koti la kazi, alikuwa ameikunja na kuiweka juu ya meza mwenyewe, bila kuambiwa.

"Prof," alisema, "miye siwezi kujua mu chupa muko nini. Miye nafunga, nafungua. Bananiambia leta, naleta. Kama mulikuwa mayi, basi mulikuwa mayi tangu inafika. Lakini niko na bajukuu, Prof. Bakisikia kama polisi ilikuja kunikamata juu ya dawa ya bezi, batanisalimia namna gani?"

"Papa Doudou, ufunguo ulikuwa kwa nani?" Profesa aliuliza.

"Ulikuwa kwangu."

"Siku zote?"

"Hata mu bafu, Prof."

Profesa akachukua simu yake. Hakuwa na furaha, lakini aliichukua. Claudine alisikia kiti kikikwaruza sakafu, na akagundua kuwa ni kiti chake.

"Prof, Papa Doudou hana na kosa. Chupa nayo haina na kosa. Ni miye nilikula."

"Ulikula dawa?"

"Hapana. Nilikula pemba. Ya bale panya benye habakuitaka. Nilikuwa nakula kabla ya kupima."

Elisée, ambaye alikuwa msomi hadi mifupani, alikuwa wa kwanza kuzifikiria takwimu. "Yote?"

"Karibu yote."

"Ya kikundi cha dawa tu?"

"Ile ya bengine, balikuwa banaihitaji."

Elisée alifumba macho. Wengine wakafika mahali pamoja, kila mmoja kwa njia yake. Profesa aliweka simu chini. Hakumtazama Claudine usoni, alimtazama tumboni, na aliyekuwa kando yake akatazama huko pia, na aliyefuata, mpaka mtu wa bili ya maji, aliyerudi kufuatilia bili yake na kukuta mlango wazi. Hakuna mtu Lubumbashi anayehitaji kuelezwa mwanamke anakula pemba kwa nini. Kwa hiyo matokeo ya kwanza kutangazwa rasmi na maabara ile hayakuwa ya skopolamini.

"Ni ya miezi mingapi?" Profesa aliuliza kwa sauti iliyokuwa imebadilika.

Claudine aliweka mikono yote miwili mbele ya tumbo, kana kwamba maneno yangeweza kurushwa kutoka upande wowote.

Papa Doudou alisimama polepole. "Sikulala, Claudine," alisema. Hakusema Mama Claudine, hakusema binti yangu. "Muke yangu alilia mpaka asubuhi. Na weye ulikuwa unajua." Kisha akauvua ufunguo shingoni, akauweka mezani kwa kishindo, akaenda mpaka mlangoni, akarudi akauchukua, kwa sababu bado ilikuwa kazi yake. Hakumpongeza. Alikuwa na haki ya kutompongeza, na aliitumia haki hiyo hadi karibu na msimu wa mvua.

Chupa ya zamani ilijaribiwa upya baadaye, Claudine akiwa amehamishiwa kwenye kuosha vioo, na mizani ikiwa chini ya Elisée mwenyewe, aliyekuwa na mdomo mkavu na bila hamu yoyote. Ilifanya kazi bila tatizo, kama Japan, kama Canada. Elisée akaendelea na mmea wake. Katika tasnifu aliandika kwamba majaribio ya awali yaliondolewa kutokana na "upotevu wa udongo usiotarajiwa," na hakuna mtahini aliyeuliza.

Lakini siku ile yenyewe ya kikao Profesa alipiga marufuku habari ya mimba isitoke nje ya kuta. Kwa hiyo ilimfikia Raoul dukani kabla hajamaliza kumhudumia mteja mmoja.

Alikuja kwa pikipiki, amesahau kofia ya chuma kichwani. Alimkuta Claudine nyuma ya jengo, ameketi juu ya kreti tupu karibu na lile shimo la kumwagia udongo, akilia bila sauti. Alisimama mbele yake.

"Bantu ya maji banajua," Raoul alisema. "Bale ba bili. Miye sijue."

"Sikumwambia muntu."

"Miye ni muntu, Claudine? Miye ni bwana yako. Juu ya nini haukuniambia?"

Claudine alijifuta uso na ukingo wa blauzi. Hakuwa amepanga kulisema hili kwa mtu yeyote, na hata yeye alishangaa jinsi lilivyokuwa limekaa tayari.

"Unakumbuka mara ya pili? Nilitoka ku hôpital miye peke yangu, na taxi. Ulikuwa unasimama ku mulango na bajirani. Ukaniona nashuka. Ukaniuliza: 'Na mutoto?'"

Raoul alitafuta kichwani. Alitafuta kwa bidii, hilo lilionekana, na hakupata kitu.

"Niliuliza vile?"

"Uliuliza vile."

"Mbele ya bantu?"

"Mbele ya bantu. Haukukosea, haukuwa unajua bado. Lakini miye sina tena nguvu ya kushuka ku ile mulango. Nilisema, afazali isijulikane. Kama inaenda, iende, nijue miye peke yangu."

Raoul akavua kofia ya chuma. Hakujua aiweke wapi, akaiweka chini kwenye vumbi jeupe. Akaketi kwenye kreti la pili, ambalo lilivunjika, akaketi juu ya vipande vyake hivyohivyo, na akalia waziwazi, machozi na makamasi, bila kugeuza uso. Claudine alikuwa hajawahi kumwona akilia. Mara zile mbili Raoul alikwenda dukani kesho yake na kurudi jioni, na Claudine alidhani mume wake hana pa kuumia.

Walikaa hapo mpaka gurudumu la panya likasikika likisimama ndani. Umeme ulikuwa umekatika.

"Sikiliza," Raoul alisema. "Siku ikifika tutaenda ku hôpital babili. Nitaingia na weye mule ndani. Bakinifukuza, nitarudia. Kama ni kutoka na mutoto, tutatoka naye babili. Kama ni kutoka na mikono bule, nitakuwa najua, hautanielezea kitu, tutapanda taxi na tutanyamaza." Akamshika mkono, wenye udongo kwenye kucha. "Hii mara, ku mulango hakutakuwa muntu."